Kukizeesha Kilichozeeka

Rafiki yangu aliliweka sanduku mezani, akafuta vumbi la kifuniko kwa kiganja, kisha akaniambia alichojia.

"Nataka ulipake rangi nyeupe, halafu ulikwangue kidogo pembeni. Lionekane la kale."

Sanduku lenyewe lilikuwa la bibi yake. Lilitupita umri sisi sote wawili.

Mbao zake zilikuwa zimekolea hudhurungi kwa kushikwashikwa. Bawaba moja ilikuwa imelegea. Ukingo wa mbele wa kifuniko, pale katikati, ulikuwa umelika ukaacha kibonde cha upana wa kidole gumba, kwa sababu hapo ndipo kila aliyelifungua alipopashika. Miguu ya upande wa kushoto ilikuwa mifupi kidogo kuliko ya kulia. Inaelekea mtu alizoea kuliburuta kwa upande huo huo siku zote. Na ndani ya kifuniko palikuwa na vijistari vya penseli, vinne vinne vikikatwa na cha tano, safu chini ya safu. Kuna kitu kilikuwa kikihesabiwa. Rafiki yangu hajui ni nini, na aliyeweza kumweleza hayupo tena.

Nilimwambia aniachie, nitalitazama.

Kauli yake ikaendelea kunizunguka kichwani wiki baada ya wiki.

## Uzee wa kubandika

Yeyote anayegeuza vitu vya mtumba kuwa mapambo ya mtindo wa kizamani anazijua mbinu zetu, na mimi nazipenda kwa dhati. Unasugua mshumaa kwenye kingo kabla ya kupaka rangi. Ukija kupitisha msasa, rangi haina pa kushikilia, inabanduka, mbao inachungulia. Au unapaka gundi nyeupe, na kabla haijakauka sawasawa unapitisha rangi ya maji juu yake kwa mkupuo mmoja, bila kurudiarudia brashi. Rangi inapokauka inajivuta na kupasuka nyufa ndogondogo.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya siki. Unatumbukiza waya laini wa chuma, ule wa kusugulia sufuria, ndani ya chupa ya siki nyeupe, unauacha siku kadhaa. Kifuniko usikikaze, kwa sababu asidi inapokula chuma hutoa gesi ya haidrojeni na gesi inataka pa kutokea. Maji hayo ukiyapaka kwenye mbao mpya, chuma kilichoyeyuka kinakutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao na ndani ya chai, na mbele ya macho yako mbao inageuka kijivu, pengine nyeusi kabisa. Mbao yenye tanini kidogo, mfano msonobari, unaitangulizia chai ya rangi iliyokolea, unaiacha ikauke, ndipo unaleta siki. Mbao iliyotoka kuchanwa inapata sura ya mbao iliyopigwa jua na mvua miaka nenda miaka rudi.

Kwa hiyo ombi la rafiki yangu halikuwa geni kwangu hata kidogo. Kigeni kilikuwa sanduku. Lilikuwa na kila kitu nilichojifunza kukiiga.

Nikaanza kulinganisha. Uchakavu tunaoubandika sisi unapenda usawa: pembe nne zote zimekwanguliwa, kila ukingo unaonyesha mbao, mikwaruzo imesambazwa vizuri. Uchakavu wa kweli una upendeleo. Droo hulika chini ya mpini, pale kucha zinapogusa mbao kila inapovutwa. Kiti hulika kwenye ule mti wa chini wa mbele ambapo visigino hupumzika, na mara nyingi upande mmoja kuliko wa pili, kwa kuwa aliyekikalia alikuwa na mguu wake wa kuegemeza. Meza huchoka mbele ya mtu mmoja. Mlango wa kabati hung'aa karibu na kitasa na kubaki mkavu kwingine kote.

Ukishaanza kuona hivyo, huwezi tena kutoona. Nimejikuta nikiingia kwa watu na kusoma samani zao kabla sijakaa: huyu anatumia mkono wa kushoto, huyu alikuwa na mtoto aliyependa kuning'inia kwenye mlango wa kabati.

Nilipowaza kuupitisha msasa juu ya kile kibonde cha kidole gumba, ili baadaye nichonge kibonde cha uongo hatua mbili pembeni, mkono ulikataa.

## Waliopinga kukwangua

Suala hili lina watu waliolihangaikia zamani. Mwaka 1877, huko Uingereza, William Morris, mbunifu wa karatasi za ukutani na vitambaa, alianzisha pamoja na wenzake chama cha kulinda majengo ya kale. Kilichowaudhi ni mafundi waliokuwa wakikarabati makanisa ya zamani kwa kukwangua lipu iliyozeeka na kuondoa nyongeza za vizazi vya baadaye, ili jengo lirudi katika sura ya enzi waliyoipenda wao. Chama kikapachikwa jina la utani: wapinga kukwangua. Walichotaka ni kwamba jengo litunzwe siku kwa siku lisioze, paa linalovuja lizibwe, ukuta unaoyumba utegemezwe, na kazi mpya ionekane wazi kuwa ni ya kutegemeza, isijifanye ya kale.

Nilivutwa na hilo la mwisho. Nilikuwa nimejiwekea njia mbili tu mezani: ama ninaligeuza sanduku, ama ninaliacha lilivyo. Morris na wenzake walikuwa wakisema kuna ya tatu.

Lakini kwanza nilijaribu ya pili. Nililifuta sanduku kwa kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa sana, nikivikwepa vile vijistari vya penseli. Matundu ya skrubu za bawaba yalikuwa yamepanuka. Niliyajaza vijiti vya kiberiti vilivyochovywa kwenye gundi ya mbao, nikakata vilivyotokeza, gundi ilipokauka nikarudisha skrubu zilezile. Nikapaka nta ya nyuki, tabaka jembamba, nikasugua mpaka kitambaa kikawa kinateleza chenyewe.

Rafiki yangu alipokuja alilizunguka mara moja.

"Mbona ni lilelile, dada?"

Nikamwonyesha kibonde. Nikamwonyesha miguu. Nikamwonyesha safu za vijistari.

"Hayo nayajua," alisema. "Nimeyajua tangu utoto. Mimi ninachotaka, mtu akiingia kwangu ajue nimeliweka pale kwa kupenda. Asidhani nimekosa lingine."

## Kwa kupenda, si kwa kukosa

Maneno hayo ndiyo yaliyonigeuza.

Muda wote nilikuwa nikibishana na mtu anayependa uzee wa uongo, na huyo mtu hakuwepo. Rafiki yangu hakuwa na haja ya uzee. Alikuwa na haja ya ushahidi kwamba kitu hiki kimechaguliwa. Sanduku lililochakaa kwa kuachwa na sanduku lililochakaa likaenziwa vinaweza kufanana kabisa kwa mgeni anayepita, na mwenye nyumba analijua hilo vizuri, hasa aliyewahi kuishi katika nyumba ambayo vitu vikuukuu vilikuwepo kwa sababu hapakuwa na namna. Rangi nyeupe iliyokwanguliwa pembeni inamsemea: hili nimelitaka mwenyewe.

Siwezi kulidharau hitaji hilo. Nadhani ndilo linalouendesha mtindo huu mzima wa kizamani, na ndiyo sababu unapendwa zaidi na watu ambao wameshatoka kwenye shida kuliko waliomo.

Kwa hiyo tukakaa pamoja kutafuta namna nyingine ya kusema jambo lilelile. Tulitandika ndani ya sanduku kitambaa kipya cha buluu kali, tukakishikilia kwa pini ndogo za shaba badala ya gundi. Kifuniko kwa ndani tukakiacha wazi, vijistari vionekane. Kisha nikatengeneza kistuli kifupi cha kuliinua kutoka sakafuni, cha mbao mpya, iliyokatwa kwa kona kali na kuachwa nyeupe, bila siki wala chai. Upande wa miguu iliyolika niliongeza kipande chembamba ili likae sawa, nacho nikakiacha cheupe vilevile.

Ukilitazama leo unajua papo hapo kipi ni cha bibi na kipi ni cha mjukuu. Limekaa sebuleni kwake, karibu na mlango, mahali ambapo huwezi kuingia bila kuliona.

## Tandiko linabaki tandiko

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza sana juu ya kile kichwa cha fahali ambacho Pablo Picasso alikiunda mwaka 1942 kwa tandiko la baiskeli na usukani wake. Vitu viwili tu, usukani ukiwa pembe na tandiko likiwa uso. Unamwona fahali, na wakati huohuo unaliona tandiko. Kama angelifunika kwa rangi na nyuzi mpaka tandiko lisijulikane, angebaki na sanamu ya kawaida ya fahali.

Ndicho kipimo ninachotumia sasa. Chujio kuukuu la bati likigeuzwa kivuli cha taa na kumwaga nukta za mwanga ukutani linanifurahisha kwa sababu chujio bado lipo. Matundu yake yanafanya kazi mpya kwa umbo lilelile. Kreti la mbao likigeuzwa rafu, na alama za kupakilia zikiachwa zinasomeka, vilevile. Lakini kopo lililozungushiwa kamba ya katani kutoka kitako mpaka mdomo halinivutii tena. Kopo limekuwa kisingizio tu cha kamba.

Najua wengi wenu mnayapenda hayo makopo, na mikono iliyoyazungusha ilifanya kazi nzuri. Nasema nilipofikia mimi.

Siki sijaitupa, hata hivyo. Nikibadilisha ubao mmoja uliooza katika kreti la zamani, naupaka ule mpya kwa nje ili usipige kelele katikati ya wenzake. Kwa ndani nauacha mweupe. Atakayeligeuza kreti atajua kilichofanyika. Je, hilo linapatana na kistuli cheupe cha rafiki yangu? Sina hakika. Kistuli kilihitaji kuonekana; ubao wa kreti unahitaji kunyamaza. Naona kinachonisumbua si siki yenyewe, ni pale inapomdanganya mtu anayetaka kujua.

## Birika linalochemsha bado

Shaka langu jingine ni zito zaidi, na sijalimaliza.

Kwenye vitu vya mtumba kuna wanunuzi wa aina mbili. Kuna anayelitaka birika kwa sababu anahitaji kuchemsha maji. Na kuna mimi, ninayeliona birika lilelile na kuwazia maua. Nikishatoboa tundu kitakoni ili maji ya mmea yapite, birika hilo halitachemsha maji ya mtu tena.

Tunasema tunaviokoa vitu visiende jalalani. Mara nyingi ni kweli. Ila birika zima halikuwa njiani kwenda jalalani. Lilikuwa njiani kwenda jikoni kwa mtu.

Na kadiri mtindo huu unavyopendwa, ndivyo muuzaji anavyojua kwamba anayetafuta pambo atalipa zaidi ya anayetafuta chombo. Sioni njia ya kulizunguka hilo kwa maneno matamu.

Kwa hiyo kabla ya kununua najiuliza kama kazi ya kitu hiki imekwisha. Ndoo iliyotobolewa na kutu, naam. Chungu chenye ufa uliofika kitakoni, naam. Kioo ambacho fedha ya nyuma imeliwa na unyevu mpaka kikaota madoa meusi, kiti kilichobaki mgongo na miguu, sahani iliyofiwa na wenzake wote, fremu isiyo na picha. Chemli ambayo utambi wake bado unapanda na kushuka, naiacha hata kama ni nzuri kiasi cha kuniuma. Nimeacha kupekua rafu za mbele. Naenda kwenye rundo la nyuma, lile ambalo muuzaji mwenyewe anashangaa ukiinama.

Vitu vya rundo la nyuma vina faida ambayo sikuitarajia. Vinakudai ufikirie. Birika zima linakubali wazo lolote. Ndoo iliyotoboka imeshakuamulia maji yatatokea wapi.

## Uzee usiofaa kutunzwa

Baada ya kusema yote haya kuhusu kuheshimu uchakavu, kuna uchakavu mmoja ambao sitaki mtu auheshimu: rangi ya zamani inayobanduka yenyewe.

Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya majumbani mwaka 1978, na si kila nchi ilifanya hivyo wakati huo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa binadamu, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao ubongo wao bado unakua na mikono yao haikai mbali na mdomo. Rangi hiyo ikiwa imetulia chini ya tabaka zima, hatari ni ndogo. Ikibanduka, au ukiipiga msasa mkavu ikawa vumbi, inaingia kwenye pumzi, nguo na sakafu.

Sasa fikiria mbinu yetu pendwa: paka nyeupe juu ya rangi ya zamani, kisha kwangua mpaka ya chini ionekane. Kwa kitu chenye risasi, umefanya hasa lile ambalo halikupaswa kufanywa.

Kwa samani yoyote nisiyojua historia yake, natumia kwanza kipimo cha risasi, vile vijiti vinavyobadilika rangi, na kikinitia shaka nachukulia kwamba risasi ipo. Kinachobanduka na kitakachokaa watoto wanapofikia, hakiingii ndani. Kilicho imara nakifunika, bila msasa. Hapo rangi za aina ya chaki, kama ile aliyoibuni Annie Sloan wa Uingereza mwaka 1990, zina manufaa ya kweli, kwa sababu zinashika juu ya samani bila kukwaruzwa kwanza. Na ukishafunika, acha pembe zilivyo. Rangi nyeupe nzima, isiyokwanguliwa, ndiyo heshima ya kitu hicho.

Mbao za paleti nazo, zile fremu za kubebea mizigo, kwa kifupi: tafuta muhuri. HT ina maana mbao ilipashwa joto, nyuzi 56 mpaka ndani kabisa kwa dakika 30. MB ina maana ilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu, na hiyo haigeuki meza nyumbani kwangu.

## Kinachoweza kurudi

Haya yote yamenisukuma kwenye tabia moja ambayo naona itadumu. Napendelea ninachoweza kukitengua. Skrubu kabla ya gundi. Pini kabla ya stepla. Nta kabla ya vanishi, kwa kuwa nta inaweza kuondolewa na atakayekuja baadaye akiwa na wazo bora kuliko langu. Kitu kilichobandikwa glasi, kitambaa, shanga na plastiki kwa gundi moto hakina wa kukifaa tena siku kikichosha, hakitenganishiki, hakitengenezeki.

Kwa mbao kavu sana bado natumia mafuta ya kitani, na naomba nisisitize jambo hapa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto. Kitambaa ulichopakia, ukikikunja na kukitupa kwenye kikapu, kinaweza kuhifadhi joto hilo mpaka kikawaka chenyewe, bila kiberiti. Februari 1991 moto ulioanza namna hiyo katika jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, uliwaua wazima moto 3. Kitandaze kitambaa nje, kipande kimoja kimoja, kikauke, au kiloweke kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Usiseme utakishughulikia kesho.

Tabia hii ya kutengua imenisaidia pia kwenye lile shaka la birika. Nilikuwa nimeitamani ngazi moja ya mbao, nzima kabisa, vidato vyake vimelika katikati kwa miguu ya watu. Kwa kanuni yangu nilipaswa kuiacha. Niliichukua kwa sharti kwamba sitaitoboa wala kuikata. Imeegemea ukuta wa sebule, mbao za rafu zimepita tu juu ya vidato na kufungwa kwa kamba, vitabu vimekaa juu yake. Jirani akihitaji ngazi, tunafungua kamba, anaibeba.

Majuzi aliichukua kupaka rangi dari. Vitabu vikakaa sakafuni mpaka iliporudi, ikiwa na tone nene la kijani kwenye kidato cha juu. Aliona aibu, akataka kulikwangua kabla halijakauka sawasawa. Nikamzuia, nikampa brashi, tukaanza kazi ya fremu aliyoileta.